Mlima Mwepesi wa Kaka Yako

Nyumba ya Mlango wa Kijani,
Nyuma ya Kituo cha Zamani.
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa wifi yangu,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na shemeji na watoto. Nakuandikia nikiwa nimetoka kusali, moyo mweupe, hata viatu sijavua. Kwanza nikuulize goti lako. Limekuachia? Baridi ya huko haimfai mtu mwenye goti. Ukipanda ngazi panda polepole, ngazi haiendi popote. Na kile kifua cha kitinda mimba wako kimetulia? Sisi hatujambo, tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetuamsha. Ila macho yangu yameanza ukaidi. Kutunga uzi kwenye sindano siku hizi ni vita, nami ndiye ninayeshindwa.

Uliponipigia simu juzi nilikujibu maneno ya mkato kwa sababu kaka yako alikuwa ameketi pale pale, masikio yamesimama. Mambo ya mtu hayasemwi mbele yake. Ndiyo maana nimechukua karatasi, tuongee vizuri.

Lile boksi la treni ya kuchezea lilifika salama. Hata kidirisha kimoja cha behewa hakikupasuka, kwa jinsi ulivyolijaza masweta! Masweta nimeyafua, na mawili nimejigawia, usiniulize. Wifi asipoiba kidogo utajuaje kwamba ni wifi? Lakini asante ya treni hii haitoshi kusemwa kwa simu, na nataka ujue ilimkuta kaka yako katika hali gani.

Tangu kile kiharusi, mguu ulirudi. Ulimi nao ulirudi, tena na ukali wake wote. Mkono wa kulia ndio uliokataa. Ulilala pajani kama mgeni ambaye hajakaribishwa chakula. Yule binti wa mazoezi pale hospitali aliniita pembeni akaniambia vidole bado vina uhai, ila mkono usipofanya kazi sasa utazoea uvivu, na baadaye hata tukiubembeleza hautarudi. Akampa mpira wa kufinya. Kaka yako akautazama, akasema, "Mimi nimefunga na kufungua geti la reli umri wangu wote, leo nifinye mpira?" Mpira ukaishia uvunguni. Kila kitu akawa anafanya kwa kushoto, na kilichoshindikana kwa kushoto akakiacha. Hata mashati ya vifungo, wifi, aliacha kuyavaa.

Nikaogopa. Mkono ni mkono, watu wanaishi na mmoja. Kilichonitisha ni kumwona akiutazama ukuta kutwa nzima kama anayesubiri kuitwa.

Treni ilipofika, siku ya kwanza alisema ni mambo ya watoto. Siku ya pili nikarudi kutoka sokoni, nikakuta reli zimeungwa na kuzunguka meza yangu yote ya kukatia vitambaa, na vitambaa vya watu vimetupwa kitandani. Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo. Kisha nikagomba kidogo, asije akashtuka kuniona mpole.

Akaiwasha, ikazunguka, akaizima. "Hii si treni," akasema. "Treni haionekani wakati wote. Hii inazunguka kama mende kwenye sinia." Unakikumbuka kile kilima cha pale getini kwake, barabara inapokatiza reli? Treni ilisikika kwa mbali, halafu kilima kikaimeza sauti, kimya kabisa, halafu hiyo hapo, imefika. Kazi yake yote ilikuwa ndani ya kile kimya. Basi akataka kilima.

Kilima cha kwanza tulijengewa na jirani yetu mwashi, kwa saruji na wavu wa waya. Kilipokauka kikawa kilima kweli, maana hakikusogea. Na wewe unajua meza ile ndiyo riziki yetu. Kila asubuhi treni na kila kilicho chake, juu ya plaiwudi tuliyoitandikia, lazima viondoke, vikasimame kando ya kabati, ndipo nikate nguo za watu. Mwashi akaja na mwenzake wakajaribu kukinyanyua. Meza ikalia, mgongo wa mwashi ukalia, na mimi nikawa karibu kulia. Sasa kilima hicho kiko uani, kuku wa jirani wanalala juu yake kama wafalme.

Hapo ndipo ulipotuambia kwamba huko watu hujengea vilima kwa mbao za povu gumu, zile zinazowekwa ndani ya kuta za nyumba kuzuia baridi, na kwamba zinauzwa duka lolote. Duka lolote la kwenu, wifi! Mimi nimezunguka maduka ya vifaa vya ujenzi mpaka ndara zimelika upande mmoja. Nilipotaja povu gumu, kijana mmoja wa dukani aliniuliza:

"La kupaka hilo, mama?"

"La kukata. Nataka kujengea mlima."

"Milima si Mungu ameshaiumba?"

"Najua, mwanangu, lakini huu ni wa kuhamisha kila asubuhi."

Akafikiri kweli kweli, maskini. "Huo hatuna. Labda nikupe godoro."

Kwa muuza televisheni nikaomba yale mapovu meupe yanayokuja kwenye maboksi. Nikapewa gunia zima, nikarudi nyumbani nikijiona mshindi. Ukiyagusa kwa kisu yanapukutika punje punje, kama ile theluji yenu, na punje hazifagiliki, zinakimbia ufagio. Ziling'ang'ania gauni jeusi la mteja wangu hadi likafanana na kanga. Namaanisha yule ndege, si nguo. Hata hivyo kaka yako alivumilia. Akaazima gundi kwa fundi viatu, ile kali inayoshika soli, akapaka, akabandika kipande juu ya kipande. Tukakaa tukisubiri ishike.

Mlima ukaanza kuzama. Uliyeyuka mbele ya macho yetu kama sukari kwenye chai, pakabaki shimo. Kumbe gundi ile inakula povu! Mimi nikacheka, wifi. Nilicheka mpaka nikaushika ukuta. Nilipofuta machozi nikaona mwenzangu hacheki. Akasema kwa upole, na upole wa kaka yako ndio wa kuogopa, "Rudisha kwenye boksi. Tafuta mtoto wa mtu umpe."

Akarudi kwenye kiti chake, akaugeukia ukuta. Mkono pajani.

Nilipiga magoti nikasema, Mungu wangu, wewe unajua ninachokitaka, lakini mimi leo sijui niombe nini zaidi. Nakuomba povu. Nadhani nilikuwa wa kwanza kumsumbua kwa jambo hilo.

Naye akanijibu kwenye foleni ya nyama. Pale buchani mlango wa kile chumba cha baridi ulikuwa umeng'olewa na kulazwa sakafuni, bati lake limefunuliwa, na fundi wa majokofu ameuinamia. Ndani ya mlango umejaa ubao wa rangi ya buluu, laini kama mche wa sabuni. Nikasimama kama niliyemwagiwa maji. Mimi shule niliishia njiani, unajua, lakini akili ikafunguka: kwenu ukuta unazuia baridi isiingie, kwa muuza nyama unazuia baridi isitoke. Kazi ni ile ile! Nikachomoka kwenye foleni, nafasi yangu ikaliwa, wala sikujali.

Fundi huyo watu humwita Barafu. Nikamuuliza, "Fundi, hicho cha buluu unauza?"

"Hivi vipande? Natupa, mama. Una friji?"

"Nina mume."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mmoja akapaza sauti, "Fundi, mpe upesi, mume wa watu asije akaoza!" Nikacheka nao, kisha nikamweleza. Nilipotaja geti la reli akaweka bisibisi chini.

"Bwana Geti? Yule mzee mkorofi?"

"Huyo huyo. Mkorofi wangu."

Akaniambia kwamba zamani, alipokuwa kijana na pikipiki yake, alifika pale getini amechelewa. Treni haionekani, haisikiki, na geti limefungwa. Akamtukana kaka yako matusi ya nguoni. Kaka yako alisimama tu ameshika ule mti wa geti. Mara treni ikatoka nyuma ya kilima. "Sikurudi kumwambia asante," fundi akasema. "Niliona aibu."

Jioni ile alikuja mwenyewe, mbao begani. Kaka yako alikuwa bado na ukuta wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Mmoja wa waliokutukana getini."

"Mlikuwa wengi. Kaa."

Akakaa. Wakaongea habari za treni mpaka chai ikapoa, nikaipasha, ikapoa tena. Fundi ndiye aliyetufundisha kutumia gundi nyeupe ya maseremala badala ya ile kali, na kulainisha kwa msasa. Malipo akakataa. Nikamvua ovaroli kwa nguvu, nikamtilia mifuko mipya.

Sasa sikiliza, wifi, hapa ndipo nilipotaka kufika. Ubao ule ni mwepesi mno, ukiugusa kwa kisu unakimbia. Saruji ilikaa yenyewe, huu haukai. Kaka yako akakata kwa kushoto, ukateleza. Akaweka pasi yangu juu yake uzito uushike, pasi ikaziba njia ya kisu. Akaniita nimshikie. Mimi nilikuwa na pini mdomoni na mteja kasimama mbele yangu na upindo nusu, nikamwambia subiri. Kaka yako na kusubiri unavijua. Nilipogeuka, alikuwa ameuchukua mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, akaulaza juu ya ubao kama mtu anayeweka jiwe juu ya karatasi isipeperuke. Ubao ukatulia. Akakata.

Nusura nimeze pini.

Kesho yake mkono haukuwa jiwe tena, ulikuwa unakandamiza. Baadaye vidole vikaanza kushika ukingo, kimoja kimoja, kwa kusitasita, kama watu wanaoingia kwenye nyumba wasiyoizoea. Binti wa mazoezi alipomwona na vumbi la buluu kwenye kucha za mkono wa kulia, akamuuliza ametumia dawa gani. Akajibiwa, "Mlango wa bucha." Yule binti alinitazama mimi, akidhani akili nayo imeguswa!

Mlima umekamilika. Ardhi tumeipaka rangi ya udongo, na majani ni vumbi la mbao lililochovywa rangi ya kijani. Kwa hiyo nakusihi, ubao uliosema utatutumia kwa meli usiutume. Gharama hiyo uitumie kwa goti lako. Na yule babu unayemtunza, aliyetoa treni yake kwa sababu chumba alichohamishiwa hakina nafasi, mshike mikono yote miwili umwambie asante yetu. Mwambie iko kwa mtu anayejua treni, na anaifuta vumbi kila siku.

Mama mkwe anakusalimu sana, anauliza kama unakula au unashiba kazi tu. Shangazi naye amesema salamu zake zisichanganywe na za wengine, kwa hiyo nazitenga hapa. Msalimu shemeji, wabusu watoto, na yule mkubwa mwambie barua yake tuliisoma kwa sauti.

Jana asubuhi mteja alikuwa amekuja mapema, na meza ilikuwa bado na treni. Nikafungua dirisha nimwite mwashi anisaidie kuhamisha kama kawaida. Nyuma yangu nikasikia, "Unamwitia nini mtu wa watu? Shika huko." Nikageuka. Kaka yako amesimama upande wa pili wa meza, ameshika ukingo wa plaiwudi kwa mikono miwili. Nikashika upande wangu. Tukanyanyua, mlima na reli na kila kitu, tukapita mlangoni, yeye akirudi kinyumenyume na kunifokea niangalie kizingiti, mimi sioni kizingiti wala chochote kwa machozi. Hakuna kilichoanguka. Tulipouweka mlima kando ya kabati akasema, "Sasa umelia nini, kwani ni mzito?"

Alikuwa amevaa shati la vifungo, wifi. Amevifunga mwenyewe, kimoja amekikosea tundu. Nami nimekiacha hivyo hivyo.

Mungu aliyeniletea wewe kwa njia ya ndoa yangu akulinde kwenye ngazi, kwenye baridi na kwenye kila mlango unaoingia. Akulipe, maana mimi siwezi.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye hata ninapokuibia masweta,

Mama Cherehani