Jina Analolitaja Mume Wangu Alfajiri

Msambweni, Jumamosi, masika yameanza.

Mvua imenyesha tangu asubuhi, sasa imepungua, inadondoka tu kwenye makuti. Nimekaa barazani, shajara mapajani. Mume wangu hayupo. Mimi nina wivu.

Haya, nimeliandika. Nilidhani nikiliandika litapungua, lakini limekaa hapo kwenye karatasi linanitazama.

Wewe ndiwe unayejua nilivyo na furaha. Kurasa zote za nyuma ni Tsuma, Tsuma, Tsuma. Nimekuandikia anavyokunja mikono ya shati kabla ya kula, na anavyoanza kucheka kwa macho kabla ya mdomo. Hina ya harusi haijafutika kwenye kucha zangu. Mchana nikisikia kengele ya baiskeli yake njiani, moyo unatangulia kumpokea kabla miguu haijavaa ndara. Tulipokuwa shule ya bweni, wenzangu walisoma hadithi za mapenzi chini ya blanketi, nami nikiwaambia mambo hayo hayapo. Yapo. Yanaishi nami katika nyumba ya vyumba viwili, na yanapenda chai ya tangawizi.

Nimekwisha kukueleza kwamba Tsuma anafuata njia ya Buddha. Aliipata kazini, kwenye kiwanda cha sukari, kwa Mzee Piyasena, fundi wa mitambo aliyetoka Ceylon. Uhuru ulipokuja na Mzungu wa stoo akarudi kwao, Tsuma ndiye aliyepewa meza yake. Akawa anamwona Mzee huyo kila siku. Siku moja akamuuliza mbona yeye hafoki kama mafundi wengine mtambo unapokwama. Yote yalianzia kwenye swali hilo.

Basi nyumba yetu ina mambo yake. Mbu hauawi, anafukuzwa kwa moshi wa makumbi. Siafu wakiingia, tunaohama ni sisi. Wageni wakija, kuku huchinjwa kwa jirani yetu Bi Mwanasha, na Tsuma hula wali kwa mchuzi wa kunde. Pombe ya mnazi haigusi. Bi Mwanasha huniuliza, "Mumeo ndiyo keshakuwa Mhindi?" Nami hucheka, maana sijaona Mduruma kama huyu, anayeota usiku akiwaita mbuzi wa baba yake wa Kinango, mmoja mmoja kwa majina yao.

Hayo yote nimeyapenda. Hata siafu.

Kisichonikalia vizuri ni alfajiri.

Kila alfajiri Tsuma huamka kabla yangu, huweka gunia lililokunjwa juu ya mkeka, akakaa. Hutulia kwanza. Halafu huanza kuwatakia watu heri, kwa sauti ndogo, kama mtu anayemwimbia mtoto aliyekwisha lala. Siku za mwanzo nilijilaza nikautazama mgongo wake na kujiambia, ni mwanamke gani mwingine pwani hii anayeamkia maneno matamu hivi? Kisha nikalala tena kwa raha zangu.

Wiki hii sikulala tena. Nilisikiliza majina yote mpaka la mwisho.

"Mbeyu awe na raha. Mbeyu asiumwe. Mbeyu aishi kwa amani."

Mbeyu ni jina la mwanamke.

Nikangoja langu. Halikuja. Kesho yake nikangoja tena: Mbeyu, raha, amani, kisha akainuka akaenda kunawa uso.

Nitakuambia nilichofanya, maana hakuna mwingine wa kumwambia. Alfajiri iliyofuata niliamka nikaosha masufuria huku yeye amekaa, na masufuria yalikuwa safi. Jioni nikautoa mkeka wake nje, nikijua kabisa mawingu yale yamebeba nini. Ukalowa. Yeye akakaa sakafuni. Akamtaja Mbeyu hapo hapo sakafuni.

Leo asubuhi mvua ilipopumzika kidogo nilikwenda kisimani, nikamkuta Bi Mwanasha.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umenuna hivyo? Jana mlilala na siafu tena?"

Nikamuuliza kama anamjua mtu aitwaye Mbeyu. Akaweka ndoo chini, na alipoiweka chini nikajua kwamba anamjua.

"Mbeyu wa Lunga Lunga? Aliyerudisha kibuyu? Ah, weye ulikuwa shule, hukuyasikia. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu."

Kwetu sisi watu wa bara, posa haikamiliki bila kibuyu cha mnazi. Watu wa mume hukileta, wazee huketi, lakini hakuna anayenywa mpaka binti aitwe aulizwe mbele ya wote: tunywe? Akisema nyweni, amekubali. Mimi nilipoulizwa nilisema nyweni kabla mjomba hajamaliza swali. Wazee wakacheka, mama akanifinya.

Sikujua kwamba kabla yangu kulikuwa na kibuyu kingine. Tsuma na wazee wake walikipeleka kwa kina Mbeyu, wakati ameanza tu kufuata mafunzo ya Mzee Piyasena. Mbeyu akaitwa, akaulizwa. Akawatazama wageni, akasema, "Aliyekileta mwenyewe hanywi. Basi na ninyi msinywe." Akarudi ndani. Kibuyu kikabebwa kurudi Kinango kimejaa vilevile, na njiani kila aliyekutana nao akauliza mbona kizito.

"Alikuwa mzuri?" nikamuuliza Bi Mwanasha.

"Uzuri wa nini wewe wataka kuuliza? Kaolewa, kazaa, kanenepa."

"Alikuwa mzuri, Bi?"

Akachota maji, akamimina, akachota tena.

"Alikuwa mzuri," akasema.

Nikarudi nyumbani na ndoo yangu nusu.

Jumamosi Tsuma hutoka kazini mapema. Nilimwekea chakula, nikakaa mbele yake, nikamuuliza Mbeyu ni nani wake. Hakushtuka. Hilo liliniudhi zaidi, maana nilikuwa nimejitayarisha kwa mtu atakayeshtuka. Alinawa mikono, akanieleza taratibu.

Alisema kuna mpangilio. Unaanza kwa kujitakia heri mwenyewe. Halafu mtu aliyekutendea wema, na hapo yeye humweka bibi yake aliyemlea. Halafu mtu usiyemjua vizuri, kama bawabu wa pale kiwandani. Mwisho unamweka mtu aliyeufunga moyo wako fundo. Hapo ndipo alipo Mbeyu.

"Na mimi niko wapi?"

"Wewe hupo."

Alisema hivyo kama anayeniambia chumvi imekwisha.

"Hupo kwa kuwa Mzee alinikataza," akaendelea. "Alisema mtu asianze na mkewe. Akimtakia mkewe heri, hajui kama anamtakia yeye au anajitakia mwenyewe. Nami nimejaribu, Umazi, najua. Nikikutaja wewe simtakii mtu heri yoyote. Nakaa pale nakuwaza tu mpaka jua linatoka."

Kidogo nicheke. Kidogo nimrukie shingoni, na chakula kimwagike. Laiti ningefanya hivyo na mambo yakaishia hapo.

Badala yake nikauliza, "Alichokufanyia, bado kinakuuma?"

Akatazama sahani.

"Kinauma. Si kama zamani. Lakini kinauma."

Nimeolewa na mtu aliyeapa kutosema uongo, na leo nilitamani sana aniongopee.

Maana nimeshaelewa. Mtu haumizwi hivyo na asiyempenda. Yule bawabu angemkataa, Tsuma angecheka akaenda zake. Mbeyu alimkataa, na mpaka leo anaamka gizani kuutuliza moyo wake juu ya Mbeyu. Kwangu mimi hana fundo lolote la kufungua. Nilisema nyweni upesi mno. Je, mwanamke anayesema nyweni upesi hukumbukwa alfajiri?

Nikasema neno ambalo sasa linanichoma. Nikasema, "Jina hilo lisitajwe tena katika nyumba hii. Au uache kabisa kukaa kwako kwa alfajiri."

Hakukasirika. "Ukisema niache kukaa, nitaacha," alisema. "Lakini siwezi kukaa nikamruka yeye. Wengine wote ni rahisi. Ni kwa ajili yake ninakaa." Kisha akaona nilivyolipokea neno hilo, akaongeza polepole, "Kwa ajili ya fundo, Umazi. Fikiri. Nikirudi utaniambia."

Leo ni siku ya mwezi mpevu, na siku hizo huenda kwa Mzee Piyasena kukaa pamoja naye. Akavaa shati jeupe nililolipiga pasi kwa mikono yangu, akapanda baiskeli, akaondoka katika manyunyu. Alipofika kwenye kona aligeuka akanipungia mkono. Alipunga kama kawaida. Ningependa kama angeondoka amekasirika.

Basi jibu liko kwangu. Najua kwamba nikisema neno moja tu ataacha, wala hatanisimanga. Angekuwa mume kama waume wengine wa Msambweni, analala mpaka kunapambazuka, mkono wake juu yangu.

Lakini nakumbuka mama mkwe alivyonivuta kando siku ya harusi. Aliniambia, "Wewe umempata amepoa. Hukumwona alivyokuwa." Kisha akanionyesha mlango wa jikoni kwake, ubao mmoja ni mpya. Sikuuliza. Nilikuwa bi harusi, nilidhani ananionyesha mlango. Sasa nadhani najua ubao ule ulivunjwa na nani, na ni baada ya kibuyu gani kurudi nyumbani.

Nikimwachisha kukaa, ninamrudisha kwenye mlango ule.

Alipotoweka nilifanya jambo ambalo sijawahi kulifanya. Niliuchukua mkeka, bado una unyevu, nikaweka gunia, nikakaa alivyokaa yeye. Miguu ikafa ganzi upesi. Nikajitakia heri mwenyewe, na hilo halikunipa tabu. Nikamweka mama. Nikamweka mama muuza dagaa wa sokoni, ambaye jina lake silijui. Nikafika kwa Mbeyu, nikakwama.

Nikasema, "Mbeyu awe na raha huko huko Lunga Lunga."

Nikaona hiyo si heri, ni kumfungia mtu mlango. Nikaanza upya. "Mbeyu awe na raha na anenepe zaidi." Nikajicheka peke yangu, kisha machozi yakanitoka, sijui yalitokea wapi.

Nilikaa tu. Nikamwona msichana amesimama mbele ya wazee, wote wanamngoja. Anajua wanataka kusikia neno gani. Alikuwa na umri wangu, labda mdogo. Nami, bila kutaka, nikayasikia maneno yake, msinywe, na nikaona kwamba kama siku ile angesema nyweni, mimi leo singekuwa na Tsuma. Shati jeupe lingepigwa pasi na yeye. Kengele ya baiskeli ingelia kwenye mlango wake. Na wewe, shajara, usingekuwa na la kuandikwa isipokuwa hali ya hewa.

Kila nilicho nacho nilikipata kwa sababu Mbeyu alikikataa.

Sikumpenda kwa ajili hiyo. Nisikudanganye, sikumpenda. Na wivu haujatoka, upo hapa ninapoandika. Lakini nilisema, "Mbeyu awe na raha," mara moja, mpaka mwisho, bila kuongeza kitu.

Mvua imekatika. Mbali huko nasikia kengele, inaweza kuwa yake, inaweza kuwa ya muuza samaki.

Nitamwambia aendelee kukaa. Na jina alitaje, simzuii. Ila kuanzia kesho nitakuwa nimekaa ubavuni mwake, juu ya mkeka uleule, na atakapofika kwa Mbeyu goti langu litakuwa limegusa goti lake. Mzee Piyasena amekataza nisitajwe. Kuhusu magoti hakusema lolote.