Jumapili Nimshukuru Nani kwa Ile Sindano?

Dzaleka, Agosti 2014

Mama Régine, wewe unayejibu wenye shida kwenye gazeti letu la kambi ya wakimbizi, nakuandikia nikiwa na furaha na hofu kwa pamoja, na nakuomba usitaje jina langu, maana Jumapili hii nimeitwa kutoa ushuhuda mbele ya kanisa na sijui mdomo wangu utasema nini.

Mimi ni mwanakwaya, nina mtoto mmoja na mimba ya miezi sita, na tangu utotoni kule Bukavu nikiona sindano ya hospitali macho yanaingia giza, miguu inaishiwa nguvu, naanguka, wala si mchezo, mimba ya kwanza sikuweza hata kukanyaga kliniki, nikazalia nyumbani na nikapona kwa bahati tu, na safari hii muuguzi alipotaka kunichoma chanjo ya pepopunda nilianguka na meza yake, pamba, dawa na kila kitu, mpaka akaniambia kwa upole kwamba hatanichoma kwa nguvu, lakini bila chanjo mtoto yuko hatarini. Ndipo akanielekeza kwa Mayi, yaani Mama, Nyangulu wa Area 47, Lilongwe, muuguzi mstaafu aliyesomea hipnosi, yaani kumtibu mtu kwa maneno akiwa ametulia na kufumba macho, na kwa kuwa Kiingereza changu ni cha salamu tu, nikamchukua Charlène, anayetafsiri mahubiri kanisani kwetu.

Mama, Charlène hajui kutafsiri polepole. Mayi ananong'ona kwamba niache mabega yashuke, Charlène anasimama na kupaza sauti, "Mabega ishuke! Ishuke kabisa! Amina?" nami najibu amina, mpaka Mayi akamwomba akae aseme taratibu kama anabembeleza mtoto, akakaa, akasema taratibu, mara kimya, mara nasikia mkoromo, kumbe Charlène amelala. Ikabidi nifuate mwenyewe kwa Chichewa changu cha kununulia nyanya, nikaambiwa niwaze mahali pa raha, nikawaza jiko la bibi yangu, nikaambiwa nikunje ngumi ya kushoto utulivu unapokuja na nione mkono wa kulia unachomwa huku mimi niko palepale jikoni, na muda wote nilisikia hata kengele za kabaza, baiskeli zile za abiria, zikipita barabarani. Nilirudi kwake tena, halafu nikaenda kliniki, nikakunja ngumi, nikachomwa, nikabaki nimesimama! Nililia kwa furaha, na muuguzi naye akalia.

Sasa wiki ileile wamama wa maombi walikuwa wamefunga kwa ajili yangu, wameandaa ibada ya shukrani, wamenishonea hata kitenge, na Charlène akaenda kuwaambia, "Kwa ule mama hata mi alinilalisha, sikumbuke kintu." Basi Mama Générose, kiongozi wao, akanijia nyumbani: "Ule mama alikufungisha macho ku jina ya nani? Dimanche, mbele ya kanisa, utasema ni maombi tu. Ile ya Area 47 usiitaje, bantu batasema tuko na mchawi mu kwaya." Na mume wangu Adolphe, fundi cherehani, mtu mpole kabisa, naye anasema, "Mi sitaki urudie kule. Ule usingizi utaingia mu tumbo, mtoto atazaliwa anasinzia." Sindano ya pili bado, kuzaa bado, na woga naona kama unachungulia tena. Je, niseme uongo madhabahuni, au niseme kweli nitolewe kwaya? Na mtoto wangu, nimemdhuru?

Mwenye Mimba, Dzaleka


Binti yangu Mwenye Mimba,

Majina yote nimebadilisha, lakini ukishasimulia habari ya mtafsiri aliyekoroma, unadhani kambi hii inaye mwingine? Haya, kwanza hongera. Nilipofika pale ulipobaki umesimama nilipiga makofi peke yangu chumbani, jirani akaja kuuliza kuna nini.

Mtoto hujamdhuru. Futa machozi. Usingizi hauna njia ya kuingia tumboni, na wewe hata hukulala. Aliyelala ni Charlène, na alichopata ni shingo kumuuma. Wewe uliyetibiwa ulisikia kila kitu, ulikunja ngumi kwa hiari yako, na ungeweza kufumbua macho ukaondoka wakati wowote. Hipnosi ni kutulia na kuweka mawazo mahali pamoja kwa msaada wa mtu aliyesomea. Wako inaowasaidia kupata usingizi, kuacha sigara, kupunguza woga kama wako, na wako isiowasaidia. Haitibu malaria wala haiongezi damu, na siku mtu akikuambia uache hospitali umfuate yeye, kimbia. Mayi wako alikurudisha kwa muuguzi, kwa hiyo huyo mwendee.

Lakini nakugombeza kidogo. Mtafsiri ulimchukua, mume ukamwacha nyumbani, halafu unashangaa anabuni mambo? Anaogopa, maskini. Safari ijayo mkalishe kwenye kile kiti cha Charlène asikie kila neno. Fundi anayepima wateja wa Kimalawi kutwa nzima, Chichewa anacho.

Mama Générose naye usimfanye adui. Alishinda na njaa kwa ajili yako, na hilo lina asante yake. Ila hana ruhusa ya kukupangia maneno ya ushuhuda wako. Nenda kwake kabla ya Jumapili, umwambie utakachosema, asije kukisikia pamoja na watu wote. Kisha vaa kitenge chao, simama, sema hivi: "Wamama, mlifunga kwa ajili yangu, asante. Muuguzi alinituma kwa mama mmoja wa Area 47, akanifundisha kutulia, asante. Nimechomwa sindano, na ninamshukuru Mungu kwa ajili yenu wote." Kaa chini. Usiongeze neno, usibishane na mtu, na tarehe ya sindano ya pili ikifika uwe kliniki mapema na ngumi yako.

Wakikutoa kwaya utaumia, sikudanganyi. Lakini kwenye mabenchi yale, binti yangu, ataketi mama mwingine mwenye tumbo, anayekwepa kliniki kama wewe na anaona aibu kusema. Ukimficha Mayi Nyangulu, mama huyo atatoka pale akiamini kwamba Mungu amekusikia wewe na kumwacha yeye, naye atakwenda kuzalia nyumbani.

Mama Régine