Zamu ya Mashua ya Kivukoni

Chole, Mafia
12 Mfungo Saba, 1328

Mpendwa mwanangu Ussi,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo yako nimeipokea ndani ya barua, nami shangazi yako naitikia marahaba, marahaba sana. U hali gani huko Unguja? Kifua chako hakijaanza kukusumbua na mvua hizi? Unakula nini, na nani anakufulia? Fundi wako wa milango na watu wa nyumbani kwake hawajambo? Sisi huku tu wazima wa mwili, alhamdulillahi. Goti langu linaniuma kama ulivyoliacha, na ulimi wangu haujapungua, kwa hiyo usinihofie.

Masika yameingia vizuri. Muhogo wetu wa Baleni umeshika, na popo wamehamia kwenye mkungu ulio nyuma ya msikiti, makelele yao hayasemeki.

Barua yako niliisoma mwenyewe, nikaikunja, nikaiweka chini ya mto. Baba yako sijamsomea. Umeandika kwa uchungu, na haki unayo. Zuleikha alikuwa mkeo, lakini kwangu pia alikuwa mwana. Nilimchukua hajaota meno, dada yangu alipofariki, na ni mimi niliyemsuka siku ya harusi yenu. Mpaka leo nikipika nampakulia, kisha nakumbuka.

Umeuliza jambo moja tu. Umeuliza siku ile mashua ya kivukoni ilikuwa zamu ya mtaa gani kuitengeneza, na mzee wa mtaa huo ni nani. Umesema ukimjua hutampa mkono mpaka uingie kaburini.

Nitakujibu. Ila nisome mpaka mwisho, usiitupe barua yangu kama ulivyokuwa ukitupa ubao wa chuoni.

Tangu uondoke, mji wetu una wazee wa kuchaguliwa. Kila mtaa ulikaa ukamchagua mtu wake, akavikwa kilemba, na kila Ijumaa baada ya sala wanakutana kuzungumza mambo ya mji: kamba ya kisima, mbuzi wanaoingia mashambani, matumbo ya samaki yanayotupwa njiani. Ni mambo madogo, lakini bila hayo hakuna mji. Mashua ya kivukoni nayo wanaiangalia wao. Mitaa inapokezana kuipandisha pwani, kuziba nafasi za mbao kwa kalafati ya pamba na sifa, yale mafuta ya papa, kisha kuirudisha majini ivushe watu kwenda ng'ambo, Utende.

Zamu ilikuwa ya mtaa wetu, Ussi. Na mzee wa mtaa wetu ni baba yako.

Niliiweka kalamu chini kabla ya kuendelea. Nawe pumzika kidogo.

Mashua ilikuwa imeshapandishwa, na pamba ya zamani imeshang'olewa baina ya mbao, ndipo mama yako Mwanamkuu alipofariki. Hayo nilikuandikia. Nisilokuandikia ni jinsi baba yako alivyokuwa. Ukimwambia ale, anakula. Ukimwambia alale, analala. Watu hawakutuacha. Hatukuteka maji wala kukata kuni, majirani walituchukulia kila kitu kimya kimya, bila hata kutuambia, kama ilivyo desturi yetu. Siku moja akaikumbuka mashua, akasema, "Bila shaka wenzangu wamekwisha kuimaliza." Aliihesabu pamoja na maji na kuni tulivyochukuliwa. Nami, nisiyetoka nje siku zile za msiba, niliona asemavyo ni kweli.

Na hao wenzake? Walihamishia kikao chao barazani kwetu ili wamliwaze. Mzee Hilal, mmoja wao, amenihadithia mwenyewe, huku machozi yanamtoka ndevuni. Walimaliza habari ya kisima, wakamaliza mbuzi, wakafika kwenye mashua. Hapo wote wakamtazama baba yako, aliyekuwa ameinamia tasbihi yake. Mzee Shaibu akasema kwa sauti ya chini, asisikike, "Hilo tuliache mpaka arobaini ipite. Tusimtoneshe mwenzetu kidonda." Wakaitikia wote, wakaingia katika matumbo ya samaki.

Kumtekea maji mfiwa ni wema, kila mtu anajua. Lakini zamu ya mashua ni heshima ya kilemba chake, na kumtwalia bila ruhusa yake ni kumwambia kuwa amekwisha. Nani angemfanyia hivyo mtu aliyemzika mkewe juzi? Basi wao walimngoja yeye, na yeye aliamini kuwa wamefanya wao, na mashua ikakaa mchangani jua likiipasua. Kila mmoja alikuwa akimwonea mwenzake huruma. Laiti pangekuwa na mtu mbaya katika jambo hili, mwanangu, ningekwisha mwendea mimi kabla yako. Unanijua.

Siku yenyewe ilikuwa ya bamvua. Wanaume walitoka alfajiri na vyombo vyote kwenda kuvua nje ya ghuba. Mkunga wetu Bimkubwa alikuwa Utende kwa mwanawe, maana tuliona siku za Zuleikha za kujifungua bado hazijatimia. Uchungu ukamshika asubuhi, na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Tukaenda pwani, sisi wanawake, tukaisukuma mashua majini kwa mabega yetu tumfuate Bimkubwa. Haikufika mbali. Maji yaliingia kila upande, tukayafua na kuyamwaga nje kwa kata na kwa sufuria, wapi, mbao zilikuwa wazi kama tenga.

Baba yako, aliyebaki nyumbani na msiba wake, akaja mbio. Akaingia majini na kanzu yake mpaka kifuani, akapitisha vidole kwenye nafasi za mbao, moja baada ya moja. Hapo ndipo alipojua.

Chombo cha kwanza kilirudi karibu na alasiri, kikageuzwa pale pale kwenda kumleta Bimkubwa. Mtoto alitoka mzima. Damu ya mama yake haikusimama. Zuleikha aliuliza kama jahazi la Unguja limeonekana. Nilimwambia limeonekana. Mungu anisamehe, nilimwambia limeonekana, linakunja tanga.

Sisemi kwamba Bimkubwa angeiwahi damu ile. Hilo analijua aliyetuumba. Nakwambia tu yaliyokuwa, kwa kuwa umeniuliza na mimi sijui kusema nusu.

Baada ya maziko wazee walikaa tena. Baba yako akavua kilemba, akakiweka mkekani, akawaambia wamtafute mtu mwingine. Watu wa mtaa wakaitwa kuchagua. Walimchagua nani? Walimchagua yeye. Waliona vibaya kumvua mtu kilemba katika hali ile. Niliposikia nilitoka mpaka barazani, mbele ya wanaume wote, nikawaambia kuwa adabu yao imekwisha mzika binti yangu, na kama bado haijashiba waseme. Mzee Shaibu alijifunika uso kwa shuka. Sijutii. Tangu hapo wameamua kuwa mzee akifiwa, mtaa unaofuata unashika zamu yake siku hiyo hiyo, na hakuna wa kuuliza wala wa kuona haya.

Lakini mashua ile hawakuigusa. Baba yako aliitia kalafati peke yake. Kila siku alishuka pwani na pamba yake na kibuyu cha sifa, na watu wakawa wanapita mbali, wanamwachia nafasi. Nyumbani ananuka papa. Na mtoto hakumshika. Nikimpa anaficha mikono, anasema, "Mpaka baba yake aniandikie."

Ussi, katika barua yako yote mtoto hukumtaja. Nimeisoma tena na tena nikimtafuta. Ni msichana. Ana masikio yako, maskini, na kidevu cha Zuleikha. Ananyonya kwa Mize, jirani yetu, pamoja na mwanawe, na akishiba anakunja ngumi kama mtu anayedai haki yake. Watu waliniambia ningoje, jina ni la baba kutoa. Nikangoja siku ya saba, ikapita. Nikangoja barua yako, ikaja, na jina halimo.

Basi nikachoka kungoja. Nilimtoa mbuzi wangu wa akika, Mzee Hilal akachinja, kisha nikamfunga mtoto kwa leso, nikashuka naye pwani. Baba yako alikuwa amechuchumaa chini ya mashua, mikono imejaa sifa. Nikamwekea mtoto mapajani bila kumwomba ruhusa. Akaniuliza huyu anaitwa nani. Nikamwambia anaitwa Mwanamkuu. Alimtazama, kisha akamwita kwa jina hilo. Jina lile hakuwa amelitamka tangu tumzike mama yako. Alilirudia, akalirudia, na akalia kwa sauti, na mtoto akalala usingizi na harufu ile yote ya papa. Kama nimekosea kumpa jina, njoo unikemee uso kwa uso.

Mize anakusalimu, na Bimkubwa, na Mzee Hilal, na Mzee Shaibu, ambaye anaogopa kukusalimu lakini ameniomba. Nasi tunamsalimu fundi wako na ahali yake. Mola akulinde huko uliko, akufungulie kifua na moyo, na amlaze Zuleikha wetu mahali pema.

Neno la mwisho. Mashua imerudi majini na haiingizi hata tone. Baba yako haruhusu mtu mwingine aishike, anavusha watu mwenyewe mchana kutwa. Jahazi lako likitia nanga ghubani, chombo cha kukuteremsha ni hicho hicho, na mkono utakaonyooshwa kukupokea utakuwa wake. Kama hutaki kuushika, mwanangu, itakubidi uogelee.

Ni mimi shangazi yako nikupendaye siku zote,
Biubwa binti Shamte