Mke Mwenzangu wa Utani

Kwa mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini mgongo umekuachia na wifi hajambo. Sisi huku tu wazima, ukiniuliza mbele za watu.

Wapwa zako walinipeleka kwa mshauri wa wazee. Kijana mpole, akanitandazia picha za nyuso, huyu anacheka, huyu kanuna, nichague leo niko kama nani. Mimi, niliyesomesha watoto wanne kwa cherehani moja! Nikamwambia sisi huzuni na hasira tulifundishwa kuzimaliza kwa utani. Unamchokoza mtu, anakuchokoza, mnacheka, moyo unashuka.

Ndivyo nilivyoishi tangu shemeji yako afariki. Mjukuu anayekaa nami namwita mke mwenzangu. Asubuhi namuuliza bwana wetu kalala kwa nani, naye hujibu, "Kwangu, bibi, tena kakoroma. Wewe umechuja." Nacheka mpaka machozi, na msiba unapungua uzito.

Hesabu bado ninazo. Nitajie kiuno na urefu, nitakwambia sketi ya marinda inakula mita ngapi kabla hujakunjua futi. Kwa hiyo wanaosema kichwa kimechoka, waache waseme.

Lakini wewe sijawahi kukuficha kitu. Jumanne mchana nilikuwa nakata kitambaa. Mjukuu akaingia, akanianza kama kawaida, kwamba bwana wetu kaagiza chai na kataka aipeleke yeye. Nikasimama, nikamuuliza kamficha wapi mume wangu. Akacheka, akasema yuko uvunguni mwa kitanda chake. Mdogo wangu, nilikwenda nikainama nikatazama. Nilipoinuka, mkasi ulikuwa bado mkononi, na mtoto hakuwa anacheka tena. Akasema taratibu, "Bibi, babu alikufa." Nikalia kama ndiyo kwanza naletewa habari.

Hajamwambia mama yake. Siku hizi ananiamkia kutoka mlangoni, na mkasi siuoni mahali pake. Naogopa akinitania. Asiponitania naogopa zaidi.

Njoo kabla hawajajua. Ukifika, usianze na maneno yako ya kucheka uzee wangu. Simama mlangoni, uniite dada. Nikiitika na kukuita mdogo wangu, ingia tutaniane. Nikikuita baba, usicheke. Mshike mjukuu mkono kwanza, ndipo uje kwangu.

Msalimie wifi. Mwambie mimi mzima.

Dada yako,
Fundi