Kuku wa Mgeni

Kijijini Ruanda, Jumamosi

Na mimi nilimcheka! Nilitoka kwenye semina ya ufugaji na daftari langu jipya, nikamwambia mama kwamba kumpapasa kuku nyuma ni ushamba.

Leo bwana mifugo amekuja. Nimemlalamikia kwamba mayai yanapungua, chakula kinapanda bei na faida siioni. Hakutoa karatasi yoyote. Alimshika kuku mmoja, akapima kwa vidole kati ya ile mifupa miwili chini ya mkia. "Vikienea vidole vitatu, anataga. Kikienea kimoja, huyo anakula bure."

Ndivyo mama alivyokuwa akifanya, kuku kambana kwapani, akimsemesha Kinyiha taratibu kama mtoto anayeogeshwa.

Tumewapima wote mia mbili. Arobaini wanakula bure! Jumatatu wanakwenda sokoni Tunduma, na chakula chao kitabaki kwa wanaotaga. Miezi yote hii nimeitafuta faida kwenye daftari, kumbe ilikuwa kwenye vidole vya mama.

Jioni mume wangu akaona nimemtenga mmoja, yule mwekundu.

"Mama Neema, huyu naye hatagi. Mbona umemwacha?"

"Ni wa mgeni," nikamjibu. Mama hakuwahi kuuza wote. Mmoja alibaki kwa ajili ya yeyote atakayepiga hodi.

"Mgeni gani?"

Mgeni ninayemtaka tulimzika pale nyuma ya mibuni.