Tuko Wawili Humu

Delmar mdogo wangu,

Mimi mzima, ngano imenyauka. Duka la mwisho limefungwa, chumvi sasa naifuata maili arobaini. Wewe kaa hukohuko mjini Omaha.

Jumanne alikuja Lorene, binti wa jirani, anayehesabu watu wa kaunti.

"Shangazi, humu mnaishi wangapi?"

"Wawili."

Akanikodolea macho. Mwezi Machi aliimba kwenye mazishi ya Orville, mume wangu.

"Andika, mtoto wewe! Tukizidi kupungua watatufungia shule."

"Waliamua Ijumaa, shangazi. Inafungwa. Hakuna aliyekwambia?"

Nani wa kuniambia? Kahawa yake ikapoa, kalamu ikiwa mkononi.

"Basi andika mmoja," nikasema, na hapo ndipo nilipomzika Orville.

Dada yako,
Verna