Bamia za Uchagani Kwako

Dada Somoe,

Huku Morogoro nasoma shahada ya pili, ya kilimo cha bustani, na kila nikifungua daftari nakumbuka lile kopo la maziwa. Najua ungecheka.

Unakumbuka nilivyorudi Likunja na stashahada yangu, suruali imepigwa pasi, maneno mengi kuliko kazi? Niliingia jikoni kwako nikaona bamia zako za mbegu kwenye uchaga juu ya moto, nyeusi tii kwa masizi. Nikazishusha zote. Nikazipasua, nikaosha mbegu kwa sabuni, nikazifungia kwenye kopo la maziwa hata hazijakauka sawasawa. "Wataalamu ndivyo tunavyohifadhi," nilisema. Nawe ukaniachia, wewe uliyeuza bamia hizohizo kwa walimu wa Nachingwea ili mimi nisome.

Mvua za kwanza zilipoanza ulifungua kopo. Ukungu mtupu. Mbegu aliyokuachia mama, yote. Hukunigombeza. Ulikwenda kwa miguu mpaka Chinongwe kwa mama mdogo, ukarudi na punje chache kwenye pindo la kanga. Ulisema tu, "Umesoma, mdogo wangu. Ila mbegu hukuiuliza."

Niliona haya nikajifanya nimekasirika. Sikukuomba radhi mwaka ule, wala uliofuata, na mwaka juzi ukafariki nikiwa huku. Linaniuma, Dada.

Baada ya arobaini, mwanao Zuhura aliniletea bamia saba ulizozitundika kwa mkono wako. Nilipanda mbegu za nne, zikazaa, ndipo nikaanza utafiti: mbegu za moshini na mbegu za kopo. Za moshini zimeota vizuri zaidi. Msimamizi wangu akauliza hayo nimeyatoa kitabu gani. Nikamjibu, kwa dada yangu wa Likunja, na hakujua kusoma. Akasema, "Basi andika jina lake."

Nimeliandika, ukurasa wa mwanzo kabisa. Kesho kutwa naitetea kazi hii mbele ya walimu wangu.

Bamia zako tatu zilizobaki nimezitundika juu ya jiko langu la kuni. Mwenye nyumba ananung'unika kwamba ukuta wake unaingia masizi. Acha anung'unike.

Nisamehe, Dada. Safari hii mbegu niliiuliza kwanza.

Mdogo wako,
uliyemsomesha kwa bamia